Nilijikata, Nilikatwa

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano. Mimi ni fundi seremala. Katika ndoa yetu mimi ndiye mwenye hasira na yeye ndiye mwenye sarufi, na watu waliotufahamu walidhani nyumba ile ikipatwa na hasara itakuwa imeletwa na hasira zangu. Haikuwa hivyo. Hasara iliyokaribia kutuvunja ililetwa na silabi moja, tena iliyoandikwa kwa mwandiko safi usio na doa.

Tulikaa Mkonze, pembeni mwa Dodoma, nyumba ya vyumba viwili na baraza ndogo mbele. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, nami nilimwita hivyo hivyo mpaka chumbani. Yeye aliniita Fundi. Kwao ni Ihumwa, kwetu ni Kibakwe huko milimani. Yeye Mgogo, mimi Mhehe, kwa hiyo kabla ya kuwa mke na mume tulikuwa watani, na utani haukuisha kwa sababu ya kufunga ndoa kanisani.

Karakana niliyofanyia kazi ilikuwa ya shirika la umma. Tulitengeneza milango, fremu za madirisha na madawati. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma, ikihamia miaka nenda miaka rudi, na kila iliposogea hatua moja sisi tulitengeneza milango. Halafu ikaja miaka ya soko huria. Maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na mashirika yakaanza kuuzwa. Sisi habari hiyo tuliipata kwa njia ya salamu. Zamani barua ya ofisi ilianza na "Ndugu". Mwaka ule ikaanza na "Bwana". Nilipoitwa Bwana kwa mara ya kwanza nilimpelekea Mwalimu ile barua, nikamwambia, "Hapa tumekwisha. Ukiona umepewa heshima ya ghafla, ujue unaagwa." Alinicheka sana. Haikupita muda, ubao wa matangazo ukabandikwa karatasi kwamba karakana itakabidhiwa kwa mnunuzi, na sisi tutapunguzwa kwa utaratibu. Hapo hakucheka tena.

Ajali yangu ilitokea miezi michache kabla ya makabidhiano hayo. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, nikipasua ubao wa mninga kwenye msumeno wa mviringo. Msumeno ule ulikuwa na kinga yake ya chuma, ya kufunika meno, lakini bawaba ilivunjika, spea haikupatikana, na kinga ikaondolewa isitucheleweshe. Ikawekwa mlangoni pa stoo kuzuia mlango usipigwe na upepo. Tulifanya kazi hivyo muda mrefu, tukazoea. Siku ile ubao ulifika penye fundo, ukaruka. Sikusikia maumivu yoyote. Nilisikia tu msumeno umebadilisha sauti, nikadhani umegonga msumari, nikainama niutafute. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, vyote viwili vilikuwa vimekwenda.

Mwalimu alinikuta hospitali. Alikuwa ametoka shuleni mbio, chaki bado mikononi, kitambaa cha kichwa kimelegea. Aliuchukua mkono wangu wa kushoto, ule mzima, akaanza kuvihesabu vidole vyake. Vitano. Akavihesabu tena.

"Mama, huo hauna tatizo," dresa aliyenifunga kidonda alimwambia.

"Najua," alijibu, na akaendelea kuushika.

Wiki za mwanzo nyumbani nilikuwa mgonjwa mbaya. Nasema ukweli. Kifungo cha shati kilinishinda nikakitukana. Kamba ya kiatu ikanishinda, nikavitupa viatu vyote viwili uani, na Mwalimu akaenda kuviokota. Lakini kilichonishinda kabisa ni chakula. Nimelelewa kwamba mkono wa kushoto haugusi ugali, na bibi yangu alikuwa na kijiti maalumu cha kutukumbusha. Sasa wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kama mtoto mchanga, na mezani kuna ugali wa uwele na mlenda. Mlenda huuchoti kwa kijiko, mtu mzima, ukabaki na adabu yako. Nikasema sina njaa.

Mwalimu hakubishana. Alinawa, akakata tonge, akalichovya, akalizungusha ule uzi wa mlenda ukakatika vizuri, akaniletea mdomoni. Nikafumba mdomo.

"Fungua," alisema. "Darasani kwangu wapo arobaini wabishi kuliko wewe."

Nikafungua. Alinilisha hivyo kila siku, tonge baada ya tonge, akizungumza mambo ya shule ili nisione aibu. Siku moja mama mkwe alitoka Ihumwa kuja kuniona, akafika wakati wa chakula. Mkwe kumwona mkwe wake akilishwa si jambo la mzaha. Mimi nilitaka kuzama ardhini. Yule mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, alisimama mlangoni, akaelewa yote kwa mara moja. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akachukua kigoda, akakaa akiwa ametupa mgongo, akitazama barabara. Kutoka huko huko akamwambia binti yake, "Mpe nyama kwanza. Mgonjwa anakula nyama." Hakugeuka mpaka aliposikia maji ya kunawa. Nilimpenda yule mama siku hiyo kuliko siku zote.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, Mgogo na mtani wangu, naye alikuja. Alikuja na kipande cha kitambaa cheupe chenye ukubwa wa leso, amekikunja vizuri.

"Nimeleta sanda," alisema. "Marehemu wako wapi?"

"Wameshazikwa," nikamjibu.

"Bila sisi watani kuarifiwa? Wahehe hamna adabu. Wawili kwa mpigo! Na hawa watatu waliobaki wana wosia wowote?"

Nilicheka mpaka jeraha likaniuma, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ajali. Ndiyo kazi ya mtani, kusema kile ambacho wengine wanakizunguka. Lakini Mwalimu hakucheka. Aliondoka akaenda uani, akakaa huko mpaka jirani alipoaga. Nilidhani utani umemchosha.

Sasa kuhusu fidia. Sheria ya kuwafidia walioumia kazini ilikuwapo tangu zamani, ila sisi mafundi wa bara tuliijua kama tunavyoijua bahari, kwa kusikia. Ofisa utumishi wa karakana alinipa fomu, akaniambia niijaze upesi. Karakana ikishakabidhiwa, alisema, mnunuzi hatapokea madai ya watu wa zamani. Ofisa huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na jina lake mwenyewe halikuwa na hakika ya kubaki kwenye orodha ya wafanyakazi.

Kwa kuwa mkono wangu haukuweza kushika kalamu, Mwalimu ndiye aliyejaza. Aliketi mezani, akafuta meza kwanza, akaandika majina, umri, kazi, tarehe. Tukafika kwenye swali lililosema: Eleza kwa kifupi jinsi ajali ilivyotokea.

"Andika msumeno ulinikata," nikasema.

Aliinua kalamu, akaitazama karatasi muda mrefu kidogo. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Msumeno ni chombo, Fundi. Chombo hakina akili ya kumkata mtu. Mtu hujikata nacho."

Mimi ningeweza kubisha, na kubisha ni kipaji changu. Lakini niseme kweli, maneno yale yaliniingia. Fundi wa kweli hasingizii vyombo. Wazee waliosema mchagua jembe si mkulima walikuwa wananisema mimi. Aliyeumia halafu akaanza kuulaumu msumeno anaonekana mwanagenzi. Nikamwambia, "Andika unavyoona, wewe ndiye mwalimu." Akaandika: Nilijikata vidole viwili kwa msumeno nikiwa kazini. Nikaweka dole gumba la kushoto kwenye wino, nikagonga muhuri wangu chini ya sentensi hiyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Mwalimu ndiye aliyelisoma, tukiwa tumesimama barazani, upepo wa mwezi wa saba ukitaka kumnyang'anya karatasi.

"Bwana. Kwa mujibu wa maelezo uliyoyatoa mwenyewe kwenye fomu, umekiri kwamba ulijikata. Fidia hailipwi kwa mfanyakazi aliyejidhuru kwa makusudi. Ofisi inakutakia afya njema."

Nilikwenda ofisini siku hiyo hiyo. Ofisa utumishi hakunitazama usoni. Alisema amri imetoka juu. Alisema watu wanasikia habari za kupunguzwa wanaanza kutafuta kiinua mgongo kwa njia za kila aina, na pale juu wameamua kuwa wakali. Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. Alikuwa ananiambia kwamba kuna mtu, ameketi mahali, anayeamini kwamba mimi niliuweka mkono wangu wa kulia chini ya meno ya msumeno kwa hiari yangu. Mkono huo ndio uliotengeneza milango ya nusu ya mji. Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini siku hiyo sikukasirika. Nilijisikia uchi.

Hasira ilinipata njiani, na ilikuwa imekomaa nilipofika nyumbani. Mwalimu alikuwa amesimama palepale barazani.

"Uliniambia chombo hakina akili," nikamwambia. "Haya. Msumeno umekula vidole viwili. Sarufi yako imekula vilivyobaki."

Nilitegemea anijibu. Siku zote alinijibu, na alinishinda. Siku hiyo aliikunja barua mara mbili, akaiweka ndani ya kitabu, akaingia jikoni. Alipika, akanilisha, hakula. Kesho yake nilimwomba radhi kwa namna yangu, yaani nilijifanya nimesahau. Neno likishatoka halirudi, nalijua hilo, lakini mwanamume mwenye kiburi hutumaini kwamba lake litakuwa la kwanza kurudi.

Jirani yetu mtani ndiye aliyesema, safari hii bila mzaha, "Nenda Ofisi ya Kazi. Ile ni ya serikali, si ya karakana yenu." Nikaenda. Karani wa pale mlangoni akaniambia naweza kupinga uamuzi ule, ila nilete maelezo yangu kwa maandishi, na yafike kabla karakana haijakabidhiwa. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilirudi nyumbani nikamwekea Mwalimu karatasi na kalamu. Akavirudisha upande wangu wa meza.

"Safari hii utaandika wewe."

"Kwa mkono gani?"

"Uliobaki."

Nilidhani ananiadhibu, na nikaona nimestahili. Kesho yake alitoka shuleni na daftari la darasa la kwanza, lile lenye mistari mipana. Kila alasiri, akishatoka kazini, tuliketi barazani, na mimi mtu mzima mwenye mvi za kwanza nikaanza irabu. A, e, i, o, u. Nilikaba kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Usiikabe," alisema. "Haijakukosea."

Herufi zangu zililewa. R ilitazama nyuma, s ilikuwa na kibiongo. Watoto wa mtaa waliopita walinichungulia, na mmoja akasema kwa huruma ya kweli kwamba hata yeye k ilimsumbua. Mwalimu alisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila upendeleo, na chini ya ukurasa wangu wa kwanza akaandika Jitahidi. Niliponuna alizunguka nyuma ya kiti, akainama, akaushika mkono wangu wa kushoto ndani ya wake, tukaandika pamoja mstari mzima. Alinukia chaki na mafuta ya nazi. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunishika mkono kwa muda mrefu namna ile, na sisi si watu wa kushikana mikono. Nikawa naikosea k kwa makusudi. Alijua. Alinipiga kikofi kidogo kisogoni, akanishika tena.

Mwisho wa wiki ya nne niliandika maelezo yangu. Yalijaza ukurasa mmoja, na yalinichukua alasiri tatu. Nilimwuliza kama nimekosea mahali. Aliyasoma yote, midomo ikienda. Nilikuwa nimeandika: Msumeno ulinikata. Kinga haikuwapo. Mimi sikutaka. Alirudisha karatasi akasema, "Usiongeze kitu."

Kikao kiliitwa siku tatu kabla ya makabidhiano. Ofisa Kazi alikuwa dada mwenye miwani, umri wa kuweza kuwa binti yangu, na alisimama kutusalimia. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Ofisa utumishi aliingia baada yetu na faili kwapani, akajikwaa kwenye kizingiti, akajishika mlangoni, akaketi. Mwalimu alichagua benchi la nyuma karibu na ukuta. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitasema mimi.

Yule dada alizitandika karatasi mbili mbele yake. Upande huu fomu, mwandiko wa kupigiwa mfano. Upande ule maelezo yangu, ambayo mtu angeweza kudhani yameandikwa na mtoto ndani ya gari.

"Mzee, mimi nataka kuelewa tu," alisema. "Hapa umesema ulijikata. Hapa umesema ulikatwa. Ipi ni ya kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema ofisini.

"Zote mbili."

Ofisa utumishi akafungua mikono. "Mmesikia wenyewe. Amekiri tena."

Nikasikia benchi la nyuma likilia. Mwalimu alikuwa amesimama.

"Naomba nafasi," alisema. "Fomu niliandika mimi. Neno lile ni langu, si lake."

"Mama ni nani kwake?"

"Mkewe. Na ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo sina pa kujificha." Alisogea mpaka mbele ya meza. "Mwanangu, umewahi kujing'ata ulimi wakati unakula?"

Yule dada akatabasamu bila kutaka. "Mara nyingi, mwalimu."

"Ulipojing'ata, ulikusudia?"

"Hapana."

"Huyu bwana alipoingia amejikwaa hapo kizingitini, sote tumeona. Tuandike kwamba alitaka kuanguka?"

Ofisa utumishi akatazama kizingiti.

"Aliyejinyonga ana ji," Mwalimu alisema. "Aliyejikwaa ana ji. Zimeandikwa sawasawa, ila mmoja tunamwulizia sababu na mwingine tunampa pole. Lugha yetu haitofautishi hapo. Wanaosoma ndio wanaotakiwa watofautishe. Mimi niliandika nilijikata kama mtu anayesema amejichoma na pasi. Kama kuna mtu wa kukosa kwa ajili ya neno hilo, nikose mimi. Msimkoseshe yeye."

Sauti yake ilianza kutetemeka mwishoni. Sikuwahi kuisikia ikitetemeka mbele ya watu, na nilimwonea fahari mpaka macho yakaniuma. Akarudi benchini. Tukasikia taipureta ya chumba cha jirani.

Yule dada aliandika muda kidogo. Kisha, bila kuinua kichwa, akamwuliza ofisa utumishi swali ambalo lingeweza kuulizwa siku ya kwanza.

"Msumeno huo una kinga?"

"Ilikuwapo."

"Sasa iko wapi?"

Yule bwana alichomoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nilijua anapima nini, maana alikuwa na watoto wanne na barua yake mwenyewe ilikuwa bado haijaja. "Iko mlangoni pa stoo," alisema polepole. "Inazuia mlango."

"Basi, mzee," yule dada akaniambia, "sisi tutaandika ulikatwa."

Daktari alikuwa ameshapima ulemavu wangu, karatasi yake ilikuwa ndani ya faili, na uamuzi ulitoka kabla karakana haijakabidhiwa. Kiasi sitakitaja. Kilikuwa kidogo kuliko vidole vyangu na kikubwa kuliko nilivyotegemea. Mwezi uliofuata nilipunguzwa kazi pamoja na wengine, na ofisa utumishi alikuwa mbele yangu kwenye mstari wa kusaini. Tulipeana mikono. Alinipa wa kushoto, bila kufikiri, ili unifae mimi, na hilo nalikumbuka kwa wema.

Lakini jambo lenyewe lilitokea nyumbani, Jumamosi moja alasiri. Nakala ya uamuzi ilikuwa imefika. Iliandikwa kwa mashine kwamba nilikatwa na msumeno nikiwa kazini, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi. Mwalimu alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeaminiwa, nikataka kumchokoza.

"Mwalimu, hebu nifafanulie. Mtu anayejua ji ya kusudi na ji ya bahati mbaya, tena akawafundisha maofisa wa serikali, alikosaje kuona kwamba fomu ile itamletea mumewe balaa?"

Hakuinua kichwa. "Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Niliona palepale mezani. Lakini ningeandika ulikatwa, wangeuliza ulikatwa na nani. Kukatwa kuna mkataji wake."

"Si msumeno!"

Aliweka kalamu nyekundu juu ya daftari. Akaniambia, akiyatazama magoti yake, kwamba asubuhi ile ya ajali tuligombana. Alisema alinitamkia neno juu ya mikono yangu, neno baya ambalo mke hapaswi kumwambia mume, na mimi nikatoka na baiskeli yangu. Hata muda wa chai haujafika, mwalimu mkuu akaja kumwita nje ya darasa. "Maneno huumba, Fundi," alisema. "Kwetu wanasema hivyo na kwenu wanasema hivyo. Sikuweza kuandika ulikatwa. Niliona jina langu litakuwa limekaa pale mbele, kila atakayesoma ataliona."

Mimi nilikuwa natafuta kichwani. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa.

"Neno gani?" nikauliza.

"Unalijua."

"Silijui."

"Fundi, usinifanyie huruma. Nimechoka."

"Huruma ya nini? Sikulisikia. Hata hayo magomvi siyakumbuki. Nakumbuka nilikuwa napiga pampu tairi la nyuma."

Sasa aliinua uso. "Ulinijibu."

"Nilijibu nini?"

"Ulisema 'sawa, nimesikia'."

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi kila siku nasema sawa, nimesikia."

Aliuchunguza uso wangu kama anavyochunguza jibu la mtoto anayemshuku kuibia. Kisha akachukua daftari la mtoto wa watu, akanipiga nalo begani. Akanipiga tena.

"Miezi mitano!" alisema, na machozi yakawa yanamtoka. "Miezi mitano sili, nimebeba neno lile, nakulisha huku najua ni mimi niliyekukata, na wewe hukusikia! Hunisikilizi! Hujawahi kunisikiliza hata siku moja!"

"Kweli," nikasema. "Kweli kabisa. Sikusikilizi. Ni kosa langu." Sijawahi kukiri kosa kwa furaha kiasi kile. Nilimvuta, madaftari yakamwagika sakafuni, akaweka kichwa chake kifuani kwangu, na mkono wangu wa kulia ukamshika nyuma ya shingo kwa vidole vyake vitatu. Alilia, akacheka, akalia tena. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha.

Alipotulia nilimwomba aniambie neno lenyewe, nilisikie sasa, nimsamehe vizuri. Alifuta macho kwa pindo la khanga, akaokota kalamu yake, akasema halirudii. Nimemwuliza mara nyingi tangu hapo, kwa hila na kwa kubembeleza, na sasa wote wawili tumezeeka. Mpaka leo sijui aliniambia nini.